Mkoba wa Babu na Wanaotaka Kuutia Maji ya Dhahabu

Ndugu zangu, wana wa ami na wana wa shangazi mliotawanyika Maskati, Dubai, London na Toronto,

Kuna rai tatu zinazozunguka katika ukoo wetu kuhusu mkoba wa marehemu babu, na zote tatu nazipinga. Ya kwanza yasema mkoba utiwe ndani ya kabati la kioo, uwekewe taa, na usiguswe tena na mkono wa mtu. Ya pili yasema vyuma vyake ving'olewe na vitiwe vipya, vya rangi ya dhahabu, vinavyouzwa madukani kwa bei ya vikombe viwili vya kahawa. Ya tatu, ambayo imeungwa mkono na watu wazima ninaowaheshimu, yasema vyuma vibaki vilevile lakini vipelekwe kutiwa maji ya dhahabu, ili vifanane na hadhi ya ukoo. Mimi nasema vyuma vile vipigwe tupa, vilainishwe pale vinapokwaruza, na mkoba uvaliwe begani kama ulivyovaliwa tangu mwanzo. Kazi hiyo nimeshaianza. Lawama zilizonifikia tangu hapo zimenionyesha kwamba tunagombania jambo kubwa kuliko pete mbili na bizimu, na ndiyo maana nimeona niandike kwa urefu badala ya kujibu kila mmoja peke yake.

Kwa vijana ambao hawajauona: ni mkoba wa ngozi ya ng'ombe, mpana kadiri ya daftari kubwa la hesabu, kwa kuwa humo ndimo lilimokaa daftari la karafuu. Una pete mbili za kushikia ukanda, moja kila upande, una bizimu moja la kurefushia na kufupishia ukanda, na una komeo dogo la mbele lililochongwa nakshi ya ua. Babu alitoka nao Unguja mwaka 1964, baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari, ukiwa na hati za nyumba ambazo hazikumfaa kitu tena. Ukakaa Dubai miaka kadhaa, kisha ukaja Maskati baada ya 1970, mlango ulipofunguliwa kwa watu wetu kurudi. (Twasema "kurudi", ingawa babu hakuwa amewahi kuikanyaga ardhi hii hata siku moja.)

Kasoro ya mkoba inajulikana na kila aliyeubeba. Pete ya kulia ilisubiwa katika kalibu ya mchanga, na fundi aliisafisha upande wa nje unaoonekana, akauacha upande wa ndani na mshono wake wa kalibu, mkali kama ukingo wa kopo. Ulimi wa bizimu nao una mwiba mdogo kwenye ncha. Mtu akitembea, ukanda hucheza ndani ya pete kwa kila hatua, na ule ukingo usioonekana kwa jicho hufanya kazi ya msumeno. Ukanda umebadilishwa mara tatu, na kila ulipokatika alilaumiwa fundi wa ngozi. Mabuibui mawili ya shangazi yalichanika ubavuni kwa sababu hiyo hiyo, na kanzu za babu hazina idadi. Kwa zaidi ya miaka hamsini tumekuwa tukinunua ngozi mpya ili chuma kile kile kiile, na hakuna aliyeona haja ya kukigusa chuma.

Nitaeleza nilivyofanya, kwa sababu nimeambiwa kwamba "nimeuharibu urithi", na anayetuhumiwa ana haki ya kuonyesha mikono yake.

Kwanza nilipitisha sumaku juu ya kila kipande. Haikushika hata kimoja. Twaviita vyuma kwa mazoea, lakini chuma hakimo. Kisha niliondoa ule utando wa kijani uliojikusanya pale pete inapogusana na ngozi. Wengi huuita kutu, na huukimbilia kwa ndimu na chumvi au kwa ukwaju, kama bibi zetu walivyokuwa wakisugua masinia ya shaba Idi inapokaribia. Kwa sinia ni dawa njema, maana sinia huoshwa, likasuuzwa, likaanikwa. Kwa kipande kilichoshonewa kwenye ngozi ni maangamizi: ile tindikali huingia mshononi isipoweza kusuuzwa, ikala uzi na kuikausha ngozi, na juu ya shaba ya manjano huinyonya zinki iliyomo ikaacha mabaka mekundu. Utando wa kijani huzaliwa na shaba kukutana na mafuta ya ngozi, nao hutoka kwa kijiti cha mti na kitambaa kikavu, mtu akiwa na subira ya alasiri moja.

Baada ya hapo niliizungushia ngozi karatasi ngumu na utepe ili unga wa shaba usiingie mshononi, nikaibana pete kwa jiliwa dogo nililolivisha mabaki ya ngozi mdomoni, nikashika tupa ya nusu duara inayoingia kwenye mviringo wa ndani. Tupa hukata ikisukumwa mbele. Anayeirudisha nyuma huku ameikandamiza huimaliza meno na haongezi kitu. Mshono wa kalibu uliodumu tangu enzi za babu ulikwisha kwa muda mfupi kuliko muda tunaoutumia kubishana juu yake. Uliobaki ulikuwa msasa, namba 240, kisha 400, kisha 600, kisha 1000, kila mmoja ukifuta mikwaruzo ya uliotangulia. Na mwisho nta ya nyuki kidogo, maana hewa ya pwani hii ina chumvi na haiisamehi shaba iliyo uchi. Jaribio la mwisho ni soksi kuukuu ya nailoni ya kike. Ipitishe ndani ya pete. Ikinasa popote, bado hujamaliza. Yangu ilipita.

Sasa niwajibu wenye rai, nianze na wale wa vyuma vipya, maana hao hawanichukui muda mrefu. Vifaa vinavyouzwa sasa kwa wingi kwa ajili ya mikoba husubiwa kwa mchanganyiko ambao sehemu yake kubwa ni zinki, vikapakwa tabaka jembamba la rangi ya dhahabu au ya fedha. Vikiwa vipya ni laini na vinapendeza. Tabaka likichunika, chini yake hujitokeza kitu cha kijivu chenye vishimo, na hapo tupa haisaidii, kwa sababu ukikata zaidi unafungua vishimo zaidi. Kikivunjika hakiungiki kwa moto wa kawaida wa sonara, maana huyeyuka kabla ya kufika nyuzi 400 za Selsiasi, ilhali shaba ya manjano huvumilia hadi kiasi cha nyuzi 900, na lehemu ya fedha huyeyuka katikati ya hapo. Yaani pete ya babu ikikatika leo, fundi yeyote mwenye bomba la moto ataiunga. Hiyo mpya itatupwa. Sijui ni hesabu ya aina gani inayomfanya mtu akiondoe kinachotengenezeka akaweka kisichotengenezeka, kisha akakiita kitendo hicho kuhifadhi.

Wenye rai ya maji ya dhahabu wanastahili jibu refu zaidi, kwa kuwa wana fedha na wana nia. Wanaona chuma kibovu, na dhahabu kwao ni dawa ya ubovu. Lakini yeyote aliyewahi kusimama karibu na kazi hiyo anajua kwamba kabla ya kipande kuzamishwa hupelekwa kwenye gurudumu la kung'arishia, na gurudumu halibagui: ua lililochongwa juu ya komeo, ambalo mistari yake ni myembamba kama nywele, litatoka likiwa kivuli. Kisha kipande kikishazamishwa, umeme unaoibeba dhahabu hukimbilia kwenye ncha na kingo kuliko sehemu bapa, hivyo ule mwiba wa bizimu ndio utakaopata dhahabu nyingi kuliko mahali pengine popote. Ami yangu atalipa riali zake ili mwiba unenepe! Na ukingo wa ndani wa pete, unaosuguliwa na ngozi mchana kutwa, utaivua dhahabu hiyo haraka, kisha utaendelea kukata kama kawaida yake.

Kuhusu kabati la kioo, nimeisoma hoja ya binti ami aliyeko London, nami nakiri ni hoja ya maana. Anasema mabingwa wa makumbusho hawapigi tupa juu ya kitu cha kale, kwa kuwa tupa huondoa kisichorudi. Ni kweli. Ingekuwa mkoba umeokotwa kaburini ningefunga mikono yangu. Lakini huu ni chombo cha nyumba ambacho hakijawahi kuacha kutumika, na nilichoondoa ni ukingo ambao fundi wa mwanzo angeuondoa mwenyewe lau angelipwa zaidi. Sikuigusa nakshi. Sikuugusa uso wa nje, wala alama za meno ya koleo zilizopo karibu na mshono wa kushoto, ambazo ni ushahidi kwamba kabla yetu alikuwepo mtu aliyejaribu kuitengeneza. Nilipiga picha kabla na baada, na unga wa shaba nimeutia ndani ya bahasha yenye tarehe. Mwenye kuutaka aseme.

Wala tusijidanganye kuhusu hilo kabati. Nani kati yenu hajaingia sebule za jamaa zetu akaona jambia limefungiwa ukutani, likiwa na pete saba kama yalivyo majambia ya mtindo wa Saidi, na mwenye nyumba hajui ngozi ya mshipi wake imeshonwa vipi wala nyuzi zake za fedha zimesukwa na nani? Mwaka 2022 UNESCO ililiingiza jambia la Oman katika orodha ya urithi wa binadamu. Kilichoingizwa ni ustadi wa kulitengeneza na desturi za kulivaa. Sisi tumelisikia neno "urithi" tukakimbilia kununua kioo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hakuna aliyeliandika lakini wote wamenipigia simu kwa ajili yake.

Tangu utotoni tumeambiwa kwamba vyuma vya mkoba ule ni fedha, tena fedha ya Nizwa, iliyoyeyushwa kutokana na reale za Maria Theresa zilizoletwa Unguja na baba wa babu. Hadithi hiyo haikutoka hewani. Reale hizo, zenye mwaka 1780 usoni hata zilipopigwa miaka mia na zaidi baadaye, zilikuwa na uzito wa gramu 28 na sehemu 833 za fedha katika kila 1000, zilizunguka Oman na pwani yote ya Afrika Mashariki, na wafua fedha waliziyeyusha kwa wingi kufanya mapambo. Mikufu ya bibi ilitokana nazo, hilo halina shaka. Lakini tupa yangu ilipopita mara ya tatu, chini ya weupe kulikuwa na manjano. Pete ni ya shaba, iliyotiwa maji ya fedha zamani, na maji hayo yamebaki sehemu ambazo mkono haukufika. Nilipeleka picha kwenye kundi la ukoo. Shangazi aliandika maneno matano tu: "Umeivua nguo mbele za watu."

Siku tatu baadaye rai ya maji ya dhahabu ilizaliwa. Mpangilio huo wa tarehe unatosha kunieleza rai hiyo imetoka wapi. Kabla ya pete kuonekana njano, hakuna hata mmoja aliyekuwa na haja ya kuipamba. Iliyokasirisha ni ile picha, na maji ya dhahabu yametafutwa ili kuifunika.

Nami nauliza: shaba ina aibu gani? Milango ya Mji Mkongwe mnayoipiga picha kila mwendapo likizo ina vichwa vya misumari ya shaba. Makasha ya bibi harusi yamepigwa misumari ya shaba. Mabirika ya kahawa tunayojivunia mbele ya wageni mengi yao ni shaba. Shaba ni maadini ya kazi, na mkoba wa daftari la karafuu ni chombo cha kazi, cha mtu aliyeshinda juani akihesabu vikapu. Fedha ingekuwa laini mno kwa pete inayovutwa na uzito wa daftari kila siku. Fundi aliijua kazi yake kuliko tunavyoijua hadithi yetu.

Ami aliniambia jambo jingine, na namnukuu kwa heshima yake yote: mtoto wa ukoo kama wetu hashiki tupa. Kauli hii ni ya zamani, haikuanzia kwake. Tuna orodha ya makadhi katika nasaba yetu, na ya wafanyabiashara, na ya aliyewahi kukaa baraza moja na mtu wa karibu na Sayyid. Fundi hayumo hata mmoja, kana kwamba vizazi sita viliishi bila kufunga mlango wala kuunga birika. Mafundi walikuwepo. Walikuwa Wahindi, Wabulushi, Waswahili, Waomani wa mashamba ya ndani, waliingia kwa mlango wa nyuma, wakalipwa, wakatoka. Alama za koleo kwenye pete ya babu ndiyo sahihi pekee ya mtu wa aina hiyo tuliyobaki nayo, na hiyo ndiyo gurudumu la kung'arishia lingeifuta kwanza.

Na kwa kuwa tumefika kwenye nasaba, tusimame hapo kidogo. Ukutani kwa ami kuna mti wa ukoo ulioandikwa kwa wino wa dhahabu. Mahali pa mama mzazi wa babu pameandikwa "binti wa Kiarabu wa Unguja". Bibi yangu, aliyekuwa mkwewe na aliyemwosha alipokufa, alinieleza zaidi ya mara moja kwamba alikuwa mwanamke wa Kinyasa, aliyeletwa kisiwani akiwa mdogo, na alikuwa suria. Amri ya mwaka 1897 iliyofuta utumwa Unguja haikuwahusu masuria. Wao walisubiri hadi 1909. Babu alizaliwa ndani ya miaka hiyo ya kusubiri. Katika sheria yetu mtoto wa suria anayetambuliwa na baba yake ni mtoto kamili, anarithi kama nduguze, na Sayyid Barghash mwenyewe, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Kama kiti cha enzi hakikuona haya, ukuta wa sebule ya ami unaona haya kwa sababu gani?

Sitaki kusikia kwamba nachanganya mambo mawili. Waliouandika mti ule na wanaotaka kuipaka pete dhahabu ni watu wale wale, wanatumia rangi ile ile, na wanaudhika kwa jambo moja. Watoto wetu wanaokulia Toronto wanapima damu zao kwa mate katika kichupa, na majibu yanawajia kwa simu. Wameshaona. Mmoja wao aliniuliza mwaka jana kwa nini bibi wa baba yake hakuandikwa, na nilimjibu kwa kumweleza nilichoambiwa na bibi, jina lake la nyumbani nikalitaja, na nyimbo alizokuwa akiziimba akitwanga nikamweleza zilikuwa za lugha gani.

Kuhusu mirathi ya mkoba, ambayo baadhi yenu mmeanza kuigusa kwa mbali: haugawanyiki, na hakuna anayeuza. Atakayeubeba ataubeba, akichoka atampa mwenzake. Naomba tu usiwe unabebwa na mtu asiyejua kukaza bizimu.

Hali ilivyo sasa ni hii. Pete ya kulia imekwisha. Ulimi wa bizimu nimeupunguza mwiba kwa tupa ndogo kabisa na kuuviringa ncha, lakini umelegea kwenye mhimili wake na unahitaji kugongwa polepole juu ya fuawe, kazi ambayo nitamwachia fundi wa Mutrah mwenye mkono mwepesi kuliko wangu. Ukanda wa nne umeagizwa, wa ngozi ya nyati, upana wa sentimita tatu ili ujae pete bila kucheza sana. Pete ya kushoto sijaigusa. Nimemwekea mpwa wangu wa miaka 12, ambaye kwa wiki ya pili sasa anafanyia mazoezi kipande cha bomba la shaba kwenye jiliwa langu, na tayari amejifunza kuinyanyua tupa anapoirudisha nyuma. Ami amealikwa kuja kutazama. Kiti chake nimekiweka upande wa kivuli.